Namba 36 ya Nani?

Mssss! Hebu mtazameni kijana yule. Sidiria zimemjaa mkononi kuanzia kiwiko mpaka begani, nyekundu, nyeusi, za maua, za sponji, na moja kajitundika shingoni iwe tangazo. Kashuka nazo stendi hapa Chala asubuhi hii, na kabla hajapata hata chai ameshaanza kuhukumu watu. Mama wa watu kapita na ndoo ya maji kichwani, kijana kamtupia jicho moja tu, tena kutoka ng'ambo ya lami: "Shikamoo mama angu! Wewe thelathini na nane, hii hapa, haikukatai!" Ndoo haijatuliwa, mama ameshapimwa, na aliyempima hajawahi kuvaa kitu hicho tangu azaliwe.

Kijiwe chetu kiko barazani kwa fundi cherehani, kando ya barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda. Wanakaa hapo bodaboda wanaongojea abiria wa Namanyere, anakaa mzee mmoja ambaye halimi tena mahindi ila analalamika kwa niaba ya wanaolima, anakaa mama wa chai na jiko lake, nakaa na mimi mwenye mdomo. Mada zetu zinajulikana: bei ya mbolea, Simba na Yanga, na nani kamrithi nani. Sidiria haikuwamo kwenye ajenda. Bodaboda mmoja ndiye aliyeileta.

Mkewe anakaribia kujifungua, naye kaona amfanyie jambo la maana, akamwita machinga. "Unataka saizi gani, kaka?" Kaka akakunja kiganja, akakifungua kidogo, akakitazama vizuri, akasema, "Hivi." Wanaume wote barazani wakacheka mpaka fundi akaondoa mguu kwenye pedali. Mimi nikasonya. Kwani viatu vyako unavinunua kwa kuonyesha mkono? Suruali je? Cha kwako unakijua namba yake, cha mwili wa mkeo unakikadiria hewani, halafu kikimbana unasema amenenepa.

Ila wa kusonywa hasa si bodaboda, wala si kijana wa sidiria ambaye anatafuta riziki yake. Wa kusonywa ni yule aliyekaa kiwandani huko, akachapa "36" kwenye kilebo, akaenda zake bila kutuambia thelathini na sita ya nini. Ya kifua? Ya mgongo? Ya umri?

Fundi ni mtu wa vitendo. Akaomba sidiria tatu, zote zimeandikwa 36, akazilaza mezani bila kuzivuta, akapitisha futikamba kwenye mkanda wa chini. Mbili zikapishana vidole viwili. Ya tatu ikapishana na zote. Watu wa mikoa mingine wakisikia unatoka Rukwa, swali la kwanza ni uchawi. Uchawi upi unaushinda huu, nguo tatu zenye namba moja na hakuna inayolingana na mwenzake?

"Lebo hii ina namba mbili," akasema mama wa chai, ambaye macho yake ni mazuri kuliko ya sisi sote. Kweli. Imeandikwa 36, mkwaju, kisha 80. Bodaboda akadakia: "Rahisi hiyo. Thelathini na sita ni inchi, themanini ni sentimita. Kitu kile kile." Tukaitikia wote. Ndivyo inavyoonekana, na ndivyo anavyoamini kila mtu kuanzia Kariakoo mpaka hapa.

Fundi hakuitikia. Futikamba ya fundi ina pande mbili, upande mmoja inchi mpaka 60, upande wa pili sentimita mpaka 150. Akaweka kidole kwenye 80, akaigeuza. Inchi 31 na nusu. Akaigeuza tena, akaweka kidole kwenye inchi 36. Sentimita 91 na ushee. Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa hii," akasema akiigusa lebo, "inadanganya kwa mkono gani?"

Jamani! Inchi nne na nusu zimepotelea wapi? Kwenye mbavu za mwanamke inchi nne na nusu si kitu kidogo. Ni sidiria ya mtu mwingine kabisa.

Niliwaeleza, na narudia hapa kwa kuwa wengi bado wanabisha. Hiyo 36 si kipimo cha mwili. Ni kipimo kilichofanyiwa hesabu. Zamani, huko Marekani na Uingereza, mwanamke alipimwa chini ya matiti, kwenye mbavu, kisha mpimaji akaongeza inchi nne, na kama kipimo kilitoka witiri akaongeza tano ili namba iwe shufwa. Mbavu inchi 32, basi unaitwa 36. Mbavu 31, basi pia wewe ni 36. Kwa nini waongeze? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba vitambaa vya wakati ule havikuwa vya kuvutika, ikabidi mtu aachiwe nafasi ya kupumua. Sawa. Lakini mwaka 1958 Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, akapata uzi huu tunaouita laikra, nguo zikaanza kuvutika zenyewe. Kitambaa kikabadilika, nyongeza ikabaki. Wapimaji wengi wa siku hizi, hasa Uingereza, wameshaitupa. Viwanda vingine vinaendelea nayo, na hakuna lebo inayokuambia hii imetoka kwa waliotupa au kwa wanaoendelea.

Kwa hiyo kwenye lebo yenye namba mbili, ile ya sentimita ndiyo yenye adabu. Themanini maana yake mbavu zako zinazunguka sentimita 80, kasoro kidogo au zaidi kidogo. Sabini na tano, ambayo wanaiandika pamoja na 34, ni mbavu za sentimita 75. Themanini na tano imeandamana na 38. Tisini na 40. Hiyo ndiyo lugha ya sehemu kubwa ya Ulaya, na Wachina wanaotutengenezea wanaiandika pembeni ya ile nyingine ili kila mteja aokote anayoijua. Sisi tumeokota isiyo sahihi kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza.

Hapo mzee wa mahindi akauliza, "Na hizi zinazotoka Kongo?" Swali la maana hilo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mzigo wenye asili ya Ubelgiji na Ufaransa unafuata hesabu nyingine. Wafaransa, Wabelgiji na Wahispania wanachukua hiyo 80 wanaongeza 15, lebo inasoma 95. Mtu wa Kirando akiletewa 95 na ndugu yake aliyevuka ziwa anapiga yowe kwamba ametukanwa. Hajatukanwa, mbavu ni zile zile. Muitaliano naye mwanamke huyo huyo anamwandikia namba yake nyingine kabisa, na kule Australia anaandikiwa 14. Mwanamke mmoja, hajaongezeka hata kilo, ana majina matano.

Mama wa chai hakuamini. Akanishika mkono, tukaingia ndani kwa fundi, tukafunga pazia. Kaanza na sweta, kisha sweta la pili, maana baridi ya Ufipa mwezi huu wa Juni haina mchezo na sisi wanawake tunavaa kabati zima. Alipobaki na kitu chepesi nikapitisha futikamba chini ya matiti, imebana vizuri bila kumkata pumzi, imelala sawasawa mbele na nyuma: inchi 32. Nikaipitisha juu ya matiti palipojaa zaidi, hapo bila kubana: 38. Nilitaka tuweke siri. Yeye akatoka akiyatangaza barazani kwa sauti ile ile anayotangazia maandazi.

"Haya, niambieni mimi ni nani!"

Kwa hesabu ya zamani, 32 ongeza 4, ni 36. Toa 36 kwenye 38, zinabaki inchi 2. Inchi moja ya tofauti ni A, mbili B, tatu C, nne D. Mama wa chai ni 36B. Kwa hesabu mpya ya Waingereza, 32 inabaki 32. Toa kwenye 38, zinabaki 6. Waingereza wakifika D hawaendi E, wanapitia kwanza DD, hivyo sita inaangukia E. Mama wa chai ni 32E. Mmarekani akimpima bila nyongeza atamwandikia 32DDD, maana wao wanapenda kurudia D kabla hawajakubali kusonga mbele. Kwa sentimita za Ulaya, mbavu 81 zinaingia kwenye 80, kifua kinakaribia 97, tofauti inazidi 15, na kwao tofauti ya 14 mpaka 16 ni B. Kwa hiyo 80B.

"Na sasa hivi umevaa ngapi?" akauliza fundi, naye anajua ni swali la kikazi.

"Arobaini," akajibu mama wa chai.

Mnaona? Hakuna mpimaji duniani, wa zamani au wa sasa, aliyesema arobaini. Ameipata wapi? Alikwenda sokoni, akasema anataka itakayomtosha, akapewa 36, vikombe vikambana matiti yakatokea juu. Akapewa 38, afadhali kidogo. Akapewa 40, vikombe vikatosha, akalipa. Vikombe vimetosha kweli, lakini mkanda ni wa mtu mwenye mgongo mwingine, na huo mkanda ndio ulio na kazi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa nyie mnaodhani sidiria inashikwa na mikanda ya mabegani. Uzito wa matiti unatakiwa ubebwe na mkanda wa chini, unaozunguka mbavu. Ukiwa mlegevu, matiti yanauvuta mbele kwa chini, na nyuma unapanda. Utaona mama mgongo wa sidiria umefika kwenye mabega. Anaushusha, baada ya dakika tano umerudi. Basi anavuta mikanda ya mabegani aifupishe ibebe kazi isiyo yake. Jioni mabega yana mifereji, shingo inauma, kichwa kinagonga, na yeye amelima toka alfajiri, amebeba kuni, amebeba mtoto. Anadhani ni uchovu wa jembe. Mwingine anaambiwa na wenzake ana matiti mabaya, yamekaa vibaya, hayapati sidiria. Nyoo! Matiti hayana kosa lolote. Kosa ni kwamba alihitaji vitu viwili, mkanda mdogo na kikombe kikubwa, na soko likamletea namba moja inayokuza vyote kwa pamoja.

Na kuna kinyume chake. Dada mwenye mgongo mpana na kifua kidogo anapewa 40 kwa ajili ya mgongo, anapata vikombe vya kuwekea viazi. Huyo anaishia kununua ya sponji ili nafasi ijae kitu.

Nilimuuliza kijana wa sidiria herufi ziko wapi. Akatazama lebo zake, akasema kwa utulivu mkubwa: "Mama, herufi za nini? Zote hizi kikombe ni kimoja." Simlaumu, ndivyo alivyouziwa Kariakoo, katoni nzima kikombe kimoja, namba tu zinatofautiana. Mzigo ukapitia Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, na njia nzima hakuna aliyeuliza.

Wakati herufi hizo zina umri mkubwa kuliko bibi zetu wengi. Hati miliki inayotajwa sana ya sidiria ni ya Mary Phelps Jacob wa New York, ya Novemba 1914. Aliishona kwa leso mbili za hariri na utepe, kisha baadaye akaiuza haki hiyo kwa kampuni ya Warner Brothers ya korseti kwa dola 1,500. Wakati huo hapakuwa na A wala B, ilikuwa kitambaa cha kubana tu. Mwaka 1932 kampuni ya S. H. Camp ya Michigan ndiyo iliyoanza kuyapanga matiti kwa herufi A mpaka D, na 1937 Warner wakaanza kuuza sidiria zenye vikombe vya herufi. Wao wenyewe, pamoja na ubabaishaji wao wote wa kuongeza nne, waligundua mapema kwamba namba moja haitoshi kumwelezea mwanamke. Sisi mwaka huu bado tunauziwa kwa namba moja.

Tena herufi peke yake nayo ni bure. Kuna dada pale benchi akajigamba, "Mimi ni D." D ya ngapi? Herufi ni tofauti kati ya kifua na mbavu, haina ukubwa wake peke yake. Kikombe cha 32D kinajaa sawa na cha 34C na cha 36B. Ukipanda mkanda namba moja unashusha herufi moja, kikombe kinabaki vile vile. Hiyo ina faida hata sokoni. Ukikosa 34C, na ya 36C inapwaya mgongoni na kwenye vikombe, jaribu 36B kabla hujaondoka, ukijua mkanda utakuwa mlegevu kidogo na utaufunga kulabu za ndani.

Mzee wa mahindi alikuwa kimya muda mrefu, nikajua kuna kitu anakipika. Akaja na lumbesa. Kwa wageni: lumbesa ni gunia lililoshindiliwa likajaa, likashonewa kichwa juu, mnunuzi akalihesabu gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanazunguka nchi nzima kuipigania hiyo. Mzee ameipigania ujana wake wote. "Ndiyo maana," akasema, "napenda ghala la Hifadhi ya Chakula kule Sumbawanga. Mzani uko pale, unaona kilo zako." Nikamwambia baba, umejijibu mwenyewe. Gunia si kipimo, kilo ndiyo kipimo, na wewe uliwakatalia walanguzi waliokuja na gunia. Sasa hii 36 isiyo na sentimita wala herufi ni gunia. Kila mmoja anajaza anavyotaka, mwanamke analipa.

Alikubali. Kwa mara ya kwanza tangu kampeni za uchaguzi mzee alikubali jambo la mtu mwingine.

Kuna watakaosema, mbona mitumba ilikuwa na herufi? Ni kweli. Wengi wetu tulioijua 34C tulijifunza kwenye belo, tukisoma vilebo vya Uingereza na Ujerumani tukidhani ni namba za kufulia. Lakini Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, chupi, sidiria na wenzake, kwa sababu ya afya ya ngozi na ya mwili. Hatuko peke yetu. Ghana waliandika sheria ya namna hiyo mwaka 1994, Zimbabwe wakafuata mwishoni mwa 2011 chini ya waziri wao wa fedha wa wakati ule, Tendai Biti. Binafsi naiunga mkono. Hata ukiacha magonjwa, sidiria iliyovaliwa miaka mitatu huko Leeds mpira wake umeshakufa, ile 34 iliyoandikwa imekuwa 38 zamani. Lakini nina neno na hao hao wenye viwango. Mmeondoa nguo kuukuu yenye anwani kamili, mkatuachia mpya isiyo na anwani. Mnapokagua makontena bandarini, someni na lebo.

Basi kijiwe kikachangamka, kila mtu akaleta la kwake. Bodaboda wa pili akasema amesikia sidiria inaleta saratani, hasa yenye waya. Hilo linazunguka kila mahali, na jibu lake lipo. Watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, Seattle, waliwauliza wanawake zaidi ya 1,500 waliokoma hedhi, wenye saratani na wasio nayo, habari zote za sidiria zao: saizi, waya, saa ngapi kwa siku, walianza na umri gani. Matokeo yalitoka 2014. Hawakukuta uhusiano wowote. Waya unaochoma ubavuni hauleti saratani, ila unakuambia kikombe ni kidogo au kimekaa si mahali pake. Waya unatakiwa uzunguke titi lote mpaka nyuma yake, usilikalie.

Mwingine akaleta habari ya benki. Hiyo sikuweza kubisha, maana kwapani kwangu kulikuwa na elfu kumi na simu ndogo wakati ule ule. Wanawake wa nchi hii tumehifadhi pesa sidiriani kabla ya simu za miamala na tutaendelea baada yake. Naomba tu siku ya kupimwa utoe amana zako zote kwanza. Mama wa chai nilimpima mara ya pili kwa sababu hiyo, alikuwa na sarafu za chenji upande wa kushoto.

Kuhusu kujaribu, sokoni hapa hakuna chumba. Unavaa juu ya blauzi, juu ya sweta, mbele ya watu, na kijana anakusaidia kufunga kulabu kwa nyuma huku akisifu. Sidiria iliyokutosha juu ya sweta mbili itakutoshaje bila sweta? Akina dada wenye vibanda vya nguo mpya, wekeni pazia. Khanga moja na misumari miwili. Mteja aingie, ainame mbele kidogo, matiti yaingie yote kwenye vikombe, asimame, afunge kulabu za nje kabisa. Ikiwa mpya inabana vizuri kwenye kulabu za nje, ni nzuri, kwa sababu mpira utalegea na ataingia za kati, kisha za ndani. Ikiwa mpya imebidi ifungwe za ndani, mwezi ujao haina kazi. Vidole viwili vipite chini ya mkanda, ngumi isipite. Katikati, pale vikombe vinapokutana, paguse mfupa wa kifua. Anyanyue mikono juu, mkanda usipande. Titi moja kuzidi lenzake ni jambo la kawaida kabisa kwa wanawake, fuata kubwa, dogo utalifupishia mkanda wa bega.

Tukarudi kwa bodaboda wetu na mkewe mjamzito, maana tulishamsahau. Huyu kachagua wakati mgumu kuliko yote. Mimba inapanua mbavu, maziwa yakiingia kikombe kinapanda, na siku chache baada ya kujifungua kifua kinaweza kubadilika asubuhi na jioni. Nikamwambia achukue ya pamba, isiyo na waya, yenye kulabu safu nyingi, inayofunguka mbele kwa ajili ya kunyonyesha. Na kabla ya yote, apate kipimo cha mbavu kwa sentimita.

"Mpigie," akasema fundi, akamtupia futikamba ya akiba aende nayo nyumbani baadaye. Lakini bodaboda hakutaka baadaye. Kijana wa sidiria alikuwa anaondoka na gari la mchana. Akapiga pale pale, akaweka spika ili wote tusikie jinsi anavyompenda mkewe.

"Mama, samahani. Hivi chini ya matiti unazunguka sentimita ngapi?"

Upande wa pili tukasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Uko na nani hapo?"

"Niko na fundi. Na Mzee. Na mama wa chai. Yaani tuko kijiweni, tunajadili sidiria."

Msonyo uliotoka kwenye ile simu, mimi mwenyewe nikauheshimu.

"Mimi navaa 38," akasema. "Kwa sababu ndiyo uliyoniletea mwaka jana, na mwaka juzi, na ndiyo aliyokuwa nayo yule kijana wako. Futikamba ninayo humu ndani ya kabati, hujawahi kuniuliza. Sabini na nane. Andika."

Bodaboda akatafuta kalamu.